Somo: Kazi umemaliza, hela haijaingia. Unadai vipi?

Mkandarasi akifika kwa wakili akiwa amefura kwa hasira, mara nyingi tarehe za mkataba zimeshampita. Kazi yake ni nzuri na deni ni la kweli, ila barua haikuandikwa. Kwa hiyo somo hili linahusu siku na karatasi kuliko mahakama. Mifano ya siku nimeitoa kwenye Kitabu Chekundu cha FIDIC (mkataba wa mfano wa ujenzi wa shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri), toleo la 1999. Kama mkataba wako ni mwingine, namba zitabadilika, lakini njia ya kupita ni hiyo hiyo.

Hatua ya 1: Hesabu siku zako sawasawa. Mhandisi, yaani anayesimamia mkataba kwa niaba ya mwenye mradi, akishapokea hesabu yako ya kudai malipo pamoja na viambatisho, ana siku 28 za kutoa hati ya malipo, karatasi inayosema ulipwe kiasi gani. Mwajiri, yaani mwenye mradi, naye ana siku 56 za kulipa. Sasa angalia hapa: hizo 56 zinaanza siku ileile mhandisi alipopokea hesabu, hazingoji zile 28 ziishe. Wapo wanaozijumlisha, wakakaa kimya siku 84 wakidhani ndio uvumilivu.

Hatua ya 2: Jua unagombania nini. Hati imetoka na haijalipwa? Hilo ni deni, kazi yako ni nyepesi. Hati imekatwa au haijatoka kabisa? Hapo mnabishana juu ya thamani, na vipimo ndivyo vitakavyosema.

Kazi za ziada ndipo watu wanapoumia. Mhandisi anapita saiti, ananyoosha kidole, "ongeza ukuta pale", anaondoka. Usianze kuchanganya zege kabla hujaandika. Ukithibitisha agizo hilo kwa maandishi ndani ya siku 2 za kazi, naye asikujibu ndani ya siku 2 za kazi tangu aipate barua yako, barua hiyo inahesabika kuwa ndiyo agizo. Mistari mitatu tu inatosha. Na kama unataka kudai fedha au muda wa nyongeza kwa jambo lolote lililotokea, kifungu cha 20.1 kinakupa siku 28 tangu ulipolijua, au ulipopaswa kulijua, uwe umetoa notisi. Ukichelewa, mwajiri anaondokewa na wajibu wa kukulipa. Ni kifungu kikali, na sioni dalili kwamba wengi wanakisoma.

Hatua ya 3: Kusanya ushahidi. Shajara ya saiti, hati za kupokea vifaa, picha zenye tarehe, vipimo vilivyosainiwa na pande zote mbili.

Hatua ya 4: Bana kwa utaratibu. Malipo yakichelewa una haki ya riba: kwa mwaka ni pointi 3 za asilimia juu ya kiwango cha punguzo cha benki kuu, ikilimbikizwa kila mwezi, na huhitaji kutoa notisi ili uidai. Unaweza pia kusimamisha kazi, ila kwa notisi isiyopungua siku 21. Ukikusanya vifaa usiku na kutoweka, wewe ndiye uliyevunja mkataba, na deni lako litageuka kesi dhidi yako.

Hatua ya 5: Peleka kwenye bodi ya migogoro, yaani jopo linaloteuliwa chini ya mkataba kuamua ubishi wenu. Bodi ina siku 84 za kuamua, na uamuzi unatekelezwa hata kama mmoja anaupinga. Asiyeridhika ana siku 28 za kutoa notisi, la sivyo uamuzi unakuwa wa mwisho. Usuluhishi unakuja baadaye.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, mimi ni mkandarasi mdogo. Mkandarasi mkuu anasema atanilipa akilipwa.*

Uingereza sharti hilo lilipigwa marufuku na sheria ya ujenzi ya 1996, isipokuwa pale mlipaji wa juu anapofilisika. Kwingine, soma maneno yenyewe: yanaeleza lini utalipwa, au kama utalipwa? Tofauti hiyo ndiyo kesi yako nzima.

*Mteja ameona nyufa akakata nusu ya hati. Ana haki?*

Chini ya FIDIC kinachoweza kuzuiwa ni gharama ya kurekebisha kasoro, mpaka irekebishwe. Je, nyufa hizo zinagharimu nusu ya hati? Mwombe mchanganuo kwa barua.

*Hatukuwa na mkataba, ni meseji za simu tu.*

Meseji ni ushahidi. Usitegemee picha za skrini peke yake, hifadhi mazungumzo yote yakiwa na tarehe. Uingereza, tangu 2011, hata makubaliano ya mdomo yanaweza kupelekwa kwa mwamuzi wa haraka, ambaye kwa kawaida huamua ndani ya siku 28.

*Nimeshasaini hesabu ya mwisho, kisha nikakumbuka kazi ya mifereji.*

Uliposaini, paliandikwa "malipo kamili na ya mwisho"? Itafute karatasi hiyo kwanza, kisha rudi hapa na maneno yake kamili.