Somo: Ukinyimwa haki dirishani, omba jibu la maandishi

Mpwa wangu alitoka Faza, kaunti ya Lamu, kwa boti mara tatu kufuata kitambulisho. Mara ya kwanza aliambiwa cheti chake cha kuzaliwa hakisomeki vizuri. Mara ya pili akaambiwa arudi na babake. Mara ya tatu, babake akiwa ameketi naye kwenye benchi, karani alilitazama jina na kusema, "Jina hili ni la upande wa pili wa mpaka." Hakuna lililoandikwa popote. Kijana alirudi nyumbani akiamini kosa ni lake, la jina alilopewa na bibi yake. Ofisi yenyewe siitaji.

Nimeliandikia kikundi chetu somo hili kwa sababu yake, na kwa sababu neno la mdomo halikatiwi rufaa. Karatasi hukatiwa.

Hatua ya kwanza: andika siku hiyo hiyo

Usingoje ufike nyumbani. Kaa hapo gatini ukisubiri boti, uandike tarehe, saa, dirisha gani, jina lililo kwenye beji, na maneno yenyewe kama yalivyosemwa. "Alinidharau" haitoshi. Andika: "Alisema jina langu ni la upande wa pili wa mpaka." Andika pia majina ya waliokuwa kwenye foleni wakasikia. Baada ya wiki mbili kila mtu atakuwa na hadithi yake.

Hatua ya pili: pima kama ni ubaguzi

Si kila usumbufu ni ubaguzi. Mtandao ukianguka, umeangukia wote. Jiulize: mwenzangu mwenye karatasi kama zangu, ila kabila, dini au mavazi tofauti, angeambiwa hivi? Ibara ya 27 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inataja rangi, jinsia, ujauzito, ndoa, hali ya afya, asili ya kikabila au ya kijamii, umri, ulemavu, dini, imani, utamaduni, mavazi, lugha na mengineyo. Na haiwafungi serikali peke yao. Mtu binafsi naye, awe mwenye hoteli au mwenye nyumba ya kupangisha, amekatazwa kumbagua mwenziwe.

Kwa kitambulisho kuna ibara ya 12 pia: kila raia ana haki ya hati za usajili na pasipoti. Hiyo si hisani ya karani.

Hatua ya tatu: omba sababu kwa maandishi

Hapa ndipo penye nguvu, na ndipo wengi wetu tunapoparuka. Ibara ya 47 inasema mtu ambaye haki yake imeguswa na uamuzi wa ofisi apewe sababu kwa maandishi. Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015 ikaongeza kwamba ofisi ikiombwa sababu ina miezi mitatu ya kujibu. Isipojibu, na kesi ikafika mahakamani, uamuzi huo huchukuliwa kuwa haukuwa na sababu ya maana mpaka ofisi ithibitishe vinginevyo. Yaani kunyamaza kwao kunakusaidia wewe.

Barua iwe fupi, na Kiswahili kinatosha, maana ni lugha rasmi ya nchi:

"Mimi, fulani, niliomba kitambulisho katika ofisi yako tarehe fulani nikakataliwa. Kwa mujibu wa ibara ya 47 ya Katiba, naomba unipe sababu za uamuzi huo kwa maandishi."

Usitukane, usisimulie maisha yako yote. Toa nakala mbili. Moja waachie, ya pili wakupigie muhuri wa kupokea. Wakikataa kupiga muhuri, ipeleke kwa posta ya rejista na risiti uitunze pamoja na nakala yako.

Barua ya mpwa wangu ilikuwa na mistari minne. Karani aliisoma, akaingia ndani, na mkubwa wake akatoka kutuita. Alama za vidole zilichukuliwa siku ile ile.

Hatua ya nne: panda juu

Barua isipozaa kitu, peleka nakala kwa Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, Tume ya Jinsia na Usawa, au Tume ya Haki ya Utawala, ile tunayoiita Ombudsman. Kulalamika huko hakulipiwi. Mwisho kuna mahakama: ibara ya 22 inamruhusu mtu kwenda kwa niaba yake, ya mwingine au ya kikundi, na kuifungua kesi ya namna hiyo hakutozwi ada. Wavuvi wetu walifuata njia hiyo juu ya bandari mpya ya Lamu, ya mradi wa LAPSSET, na mwaka 2018 Mahakama Kuu kule Malindi iliamua walipwe shilingi bilioni 1.76.

Maswali ya wanakikundi

Mwalimu, mimi ni wa Kiunga, karibu na mpaka wa Somalia. Nikiambiwa nilete kitambulisho cha babu, naye alishafariki?

Mwanangu, muulize afisa, kwa adabu, ni kifungu gani kinachodai cha babu, na akiandike. Februari 2025 Rais alitangaza kuondolewa kwa msasa wa ziada, yaani kuhojiwa na kamati kabla ya kupewa kitambulisho, kwa waombaji wa kaunti za mpakani. Ukiambiwa bado uketi mbele ya kamati, liandike hilo pia kwenye barua.

Nafanya kazi hotelini Malindi. Meneja amesema nivue ushungi au niache kazi.

Dada yangu, usiandike barua ya kuacha kazi. Wengi huteleza hapo. Mwombe aliandike agizo lake, kisha nenda kwa afisa wa kazi. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inakataza ubaguzi wa dini kazini, na ukilalamika ni mwajiri anayepaswa kuthibitisha kwamba hakubagua. Sitakudanganya kwamba kesi za mavazi ni nyepesi. Mwaka 2019 Mahakama ya Upeo ilitengua uamuzi ulioruhusu hijabu shuleni, kwa kasoro ya jinsi ombi lilivyoletwa. Kwa hiyo karatasi zako zipange vizuri tangu mwanzo.

Chifu ni shemeji yangu. Nikimwandikia barua, si nitaharibu undugu?

Hili ndilo swali linaloniumiza zaidi, maana kisiwa ni kidogo na msikitini tunasimama safu moja. Nenda kwanza nyumbani kwake na mtu mzima mmoja wa ukoo, umwambie wazi kwamba utaandika na kwa nini. Asishtukizwe. Na mkiwa watano wenye shida moja, andikeni barua moja, muweke sahihi wote, isionekane ni ugomvi wako na yeye.

Mamangu hajui kuandika.

Akiomba habari kutoka ofisi ya umma, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inamtaka afisa amsaidie na kuliandika ombi lake. Ofisi ina siku 21 za kujibu. Barua nyingine tutamwandikia sisi: tutamsomea mbele ya shahidi, naye aweke dole gumba. Aje Jumamosi baada ya alasiri, na aje na karatasi zake zote, hata zile anazodhani hazina kazi.