Namba za sindano kwenye majarida ya zamani

Nyie wa huku Lamu mnaopenda kufuma, mkipata yale majarida ya zamani ya Uingereza msikimbilie uzi, angalieni kwanza namba ya sindano maana zamani wao walihesabu kinyume, namba ikipanda sindano inakuwa nyembamba, 14 ni milimita 2 tu na 8 ni milimita 4. Mie niliona 8 nikachukua ya milimita 8, kisweta cha mtoto wa dadangu kikatoka matundu matupu nikakifumua chote. Halafu ukurasa upige picha ufuate kwenye simu, hewa ya bahari inalainisha karatasi, jarida langu nalifunga kanga kavu kabatini, maana mitindo ya vitambaa vya meza iliyomo jaridani naipenda mno!