Andiko la ruzuku huanzia mwisho: hatua kwa hatua kwa watafiti wa wanyamapori wa Arusha na Moshi

Vijana wanaomaliza chuo cha wanyamapori cha Mweka, au wanaochukua shahada za juu pale chuo cha Nelson Mandela, Tengeru, hunijia na swali lilelile: "Kaka, mfadhili gani amefungua dirisha sasa hivi?" Nami huwarudishia swali: nani anasubiri majibu ya utafiti wako? Wengi hukaa kimya kidogo, kisha hutaja "jamii" na "wadau". Msomaji wa maandiko ya ruzuku amekutana na maneno hayo mara nyingi mno, hayamwambii kitu tena.

Nitatumia mfano mmoja: tembo wa ushoroba (njia ya wanyama) wa Kitendeni, wanaopita kati ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro na nyanda za Amboseli upande wa Kenya, na njiani wanakutana na mahindi ya watu.

Hatua ya 1: Mpate atakayetumia majibu

Nenda wilayani kabla hujaandika sentensi hata moja. Kaa na afisa wanyamapori wa wilaya, na viongozi wa Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Enduimet, na mtendaji wa kijiji. Usiwaulize "changamoto ni zipi", maana utapewa orodha ndefu ya kila kitu kuanzia maji hadi barabara. Uliza hivi: mwaka huu mnatakiwa kuamua nini kuhusu tembo, na mnakwama wapi?

Majibu huwa mahususi kuliko unavyotarajia. Pengine jumuiya ina fedha kidogo za utalii na haijui izipeleke kwenye uzio wa pilipili, kwenye mizinga ya nyuki (vyote viwili vya kuwazuia tembo) au kwenye tochi na mafuta ya askari wa wanyamapori wa kijiji. Huo ni uamuzi halisi, una mwenyewe na una msimu wake. Andika jina la cheo chake, uamuzi wenyewe na lini unafanyika. Karatasi hiyo moja ndiyo andiko lako; yaliyobaki ni kulivisha nguo.

Hatua ya 2: Swali

"Tathmini ya migogoro baina ya binadamu na tembo Kaskazini mwa Tanzania" si swali, ni kichwa cha semina. Linganisha na hili: mashamba ya mahindi yaliyozungushiwa kamba na vitambaa vilivyolowekwa pilipili kichaa na oili chafu yanavamiwa mara chache kuliko mashamba jirani yasiyo na uzio? Na je, mkulima anaendelea kuupaka upya baada ya mvua, mradi ukiwa haumlipi?

Sehemu ya pili ndiyo inayowavutia wafadhili, na ndiyo watafiti wengi huisahau. Uzio wa pilipili hupoteza makali mvua inapouosha. Teknolojia inayofanya kazi kwa sababu tu kuna mtu analipwa kuipaka haina msaada baada ya mradi kuondoka.

Kisha angalia vipimo. Ukihesabu uvamizi kwenye mashamba yenye uzio peke yake, hujapima chochote; tembo wanaweza kuwa wamepungua msimu huo kwa sababu zao wenyewe. Panga mashamba kwa jozi: lenye uzio na lisilo na uzio, zao lilelile, umbali uleule kutoka ushoroba. Anayepata uzio achaguliwe kwa bahati nasibu mbele ya mkutano, si kwa urafiki na mwenyekiti. Anza kuandikisha uvamizi kabla ya kufunga uzio wowote.

Chukua pia umbali wa kila shamba kutoka mpaka wa hifadhi. Kanuni za kifuta jasho na kifuta machozi za 2011 (malipo ya serikali kwa walioharibiwa mali, kuumizwa au kufiwa kwa sababu ya wanyamapori) zilipanga malipo ya uharibifu wa mazao kwa kuangalia umbali huo, kwa hiyo takwimu zako zitamsaidia afisa wa wilaya moja kwa moja. Kipimo hicho hakikuongezei gharama, ila kinakuongezea mtumiaji wa pili wa majibu yako.

Hatua ya 3: Vibali na barua

Hapa usicheze. Utafiti wa wanyamapori unapitia TAWIRI, yaani taasisi ya utafiti wa wanyamapori, ambayo makao makuu yake yako hapa hapa Arusha, na COSTECH, yaani tume ya sayansi na teknolojia. Ukiingia hifadhi ya taifa, TANAPA wanaozisimamia wanahusika. Ukiwa Ngorongoro, ni mamlaka ya huko, NCAA. Mapori ya akiba, ni mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, TAWA. Baada ya hapo kuna ngazi ya utawala: mkoa, halmashauri, kata, kijiji, kila ofisi na muhuri wake. Mtendaji wa kijiji akikwambia "lete barua kutoka juu", hakukatai; anajilinda.

Anza vibali mapema na uvipe mistari miwili kwenye andiko: ada kwenye bajeti, miezi kwenye mpango kazi. Andiko linaloonyesha kazi ya porini ikianza wiki moja baada ya fedha kuingia linamwambia msomaji kwamba mwandishi hajawahi kufuatilia kibali.

Hatua ya 4: Sasa tafuta mfadhili

Kwa wanaoanza, Rufford Foundation ya Uingereza ni mlango mzuri. Hutoa ruzuku ndogo kwa mtu au kikundi kidogo, huomba wadhamini watatu, na ukimaliza vizuri unaweza kuomba ya pili. Mohamed bin Zayed Species Conservation Fund hutoa hadi dola 25,000 na hutazama spishi iliyo hatarini. Tembo wa savana aliwekwa kwenye kundi la walio hatarini kutoweka katika orodha nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, mwaka 2021, kwa hiyo una cha kusimamia. Conservation Leadership Programme inataka timu ya vijana walio mwanzoni mwa kazi, haimfadhili mtu mmoja. IDEA WILD haitoi fedha, hutoa vifaa: GPS, kamera za mtego (zinazopiga picha zenyewe mnyama akipita), darubini. Wengi huidharau, lakini vifaa vikitoka huko, ruzuku yako ndogo inabaki kwa ajili ya watu na usafiri.

Kwa ndugu zangu wa Moshi: Mfuko wa Hifadhi ya Milima ya Tao la Mashariki unahusu milima ya Tao hilo, kama Upare na Usambara. Mlima Kilimanjaro ni wa volkano na haumo kwenye Tao hilo, hata kama unauona Upare kutoka dirishani.

Usiegemee mfadhili mmoja. Kufungwa kwa USAID, shirika la misaada la Marekani, mwaka 2025 kulionyesha jinsi fedha za miaka mingi zinavyoweza kukauka kwa tangazo moja.

Hatua ya 5: Kalenda na bajeti

Kalenda ya tembo haijui mwaka wa fedha. Hatari ni pale mahindi ya masika yanapokomaa, kuanzia Julai hivi. Basi hesabu kurudi nyuma: uzio uwe umefungwa kabla ya hapo, wakulima wafundishwe kabla ya uzio, kijiji kikubaliane kabla ya mafunzo, kibali kabla ya mkutano wa kijiji. Ukifika mwanzo wa mnyororo huo utaona umerudi nyuma karibu mwaka mzima. Dirisha la mfadhili likifungwa Machi, omba kwa ajili ya msimu wa mwaka ujao na useme hivyo waziwazi.

Kwenye bajeti, gari ndilo linaloua. Kukodi Land Cruiser kutoka Arusha kila unapotaka kuhesabu nyayo ni anasa. Wafundishe wakulima vijana wa kijiji kuandikisha uvamizi asubuhi ileile, wape daftari, simu na posho inayoeleweka, na wewe uende kukagua kwa pikipiki au gari la kukodi mara chache. Takwimu zitakuwa bora pia, kwa sababu wao wapo usiku tembo wanapoingia.

Usiingize ada ya chuo. Wafadhili wengi wa ruzuku ndogo hawailipi. Taja kiwango cha kubadilisha fedha ulichotumia na tarehe yake. Uliza chuo au shirika litakalopokea fedha linakata asilimia ngapi, kabla hujaandika jumla. Na kola ya GPS ya tembo (ukanda wa shingoni wa kufuatilia anakokwenda) iache kwa sasa: inahitaji daktari wa wanyamapori, dawa za usingizi na kibali chake, na swali lako halihitaji kola.

Hatua ya 6: Andika, kisha mpe asiyejua wanyama

Muhtasari uandike mwisho, kwa sentensi chache: nani anaamua nini, anakosa taarifa gani, utaipataje, utamkabidhi lini. Weka barua ya jumuiya au halmashauri inayosema watatumia majibu. Barua ya "tunaunga mkono" tu haina uzito.

Mpe mhasibu au mwalimu wa sekondari alisome. Akishindwa kukwambia ni uamuzi gani utabadilika, rudi hatua ya 1. Akiweza, tuma siku kadhaa kabla ya mwisho, maana umeme na mtandao wetu unaujua. Ukikataliwa, omba maoni ya wasomaji kwa barua pepe fupi yenye adabu; wengine hujibu, na maoni hayo yapeleke kwenye andiko la mfadhili anayefuata.