Mzee akikujibu "nipo tu": kwa nesi mpya wa zahanati ya kijijini

Ukimuuliza mzee wa huku Chamwino anaumwa nini, atakwambia yupo tu. Ukimbana, atasema ni uzee. Ukiridhika na jibu hilo ukaandika kwenye faili kwamba hana tatizo, atarudi nyumbani na presha yake, na siku moja watamleta kwa bajaji hadi mlangoni, mdomo ukiwa umepinda. Nawaandikia ninyi mnaopangiwa zahanati zetu za Dodoma vijijini mkitoka moja kwa moja chuoni. Kuhoji mgonjwa mnajua. Mzee akihojiwa kama yuko polisi hujifunga.

Anza na shikamoo, hata foleni ikiwa imefika kwenye mwembe wa nje. Kisha uliza mvua, uliza uwele, uliza wajukuu. Kama unaijua salamu ya Kigogo, "mbukwenyi", itoe. Ukiitamka vibaya watakucheka, na mzee aliyecheka huongea. Wakati huo huo wewe unapima. Je, pumzi inamkatikia katikati ya sentensi? Anakugeuzia sikio moja? Alipokaa kwenye benchi alishika ukuta? Hayo yote utayapata kabla hujagusa mashine.

Wengi hawasikii vizuri, na kosa la vijana wa koti jeupe ni kupiga kelele. Usikivu wa uzeeni hupotea kwanza kwenye sauti nyembamba, na ukipaza sauti inakuwa nyembamba zaidi. Shusha sauti, ongea taratibu, neno lifike mwisho. Kaa mbele yake uso wako ukitazama dirisha ili mwanga uangukie mdomo wako, na usiongee huku umeinamia faili. Ukienda kumtembelea nyumbani, hasa kwenye tembe yenye mlango mfupi na giza ndani, omba mkae nje kivulini. Angalia pia masikio. Nta iliyoziba humfanya mtu aonekane amechanganyikiwa bure.

Sasa acha ugonjwa, uliza siku yake. Nani alichota maji? Shamba alikwenda? Usiku aliamka mara ngapi? Hapo ndipo mambo hutoka. Utakuta bibi anayelalamika kizunguzungu na choo kigumu kumbe hanywi maji kuanzia mchana. Ana sababu zake: bomba liko mbali, ndoo ni ya kununua, na choo kiko nje kwenye giza. Kumhubiria anywe maji mengi hakusaidii. Mwambie anywe zaidi asubuhi na mchana, apunguze jioni, awe na kopo la kukojolea chumbani na tochi pembeni ya kitanda. Kama anatumia dawa ya kupunguza maji mwilini, hakikisha anaimeza asubuhi. Na mkumbushe kwamba kiu ya mzee huchelewa kuja, kwa hiyo asiisubiri.

Chakula nacho ni hivyo hivyo. Sipendi kusikia nesi anamwandikia mzee wa Bahi matufaa na samaki wa baharini. Ugali wa uwele na mlenda ni chakula kizuri, tena kwa asiye na meno kinateleza. Ongeza karanga za kutwanga, kunde au choroko iliyoiva sana, maziwa mgando yakipatikana. Kazi yako kubwa iko kwenye magadi. Watu huhesabu chumvi peke yake, lakini magadi yanayolainisha mlenda yana sodiamu pia, na mwenye presha anapaswa kuyapunguza. Kwa chumvi, kijiko kidogo kimoja cha chai kwa siku nzima ndicho kikomo, pamoja na ile iliyokwisha kuingia kwenye mboga. Maneno haya mwambie anayepika, si mzee peke yake.

Presha ipime vizuri. Akojoe kwanza, akae dakika 5 ameegemea, miguu chini bila kupishana, mkono juu ya meza usawa wa moyo, na wote wawili mnyamaze. Anayesikia kizunguzungu mpime tena akiwa amesimama, dakika ya kwanza na ya tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, mwambie daktari kabla hajaongezewa dawa. Mfundishe kuamka kwa vituo: akae kitandani kwanza, achezeshe miguu, ndipo asimame. Wakati wa kiangazi, shamba likiwa halina kazi, wengi hukaa tu kutwa. Hao wape zoezi la kuinuka kwenye kigoda bila kushika kitu, mara kadhaa, mtu akiwa karibu.

Dawa zote waje nazo kwenye mfuko. Zimwage mezani. Utakuta za mume na mke zimechanganywa, na diklofenaki, dawa ya maumivu ya dukani, anayomeza kila siku kwa ajili ya magoti, nayo hupandisha presha na kuumiza figo. Utakuta pia anayemeza dawa ya presha siku kichwa kinapouma tu. Usimuulize "umeelewa?" maana kwa heshima atakubali. Mwambie, "Babu, ukifika nyumbani mama atakuuliza nilichosema. Utamjibuje?" Akikosea, ni wewe uliyeeleza vibaya, eleza upya.

Ndugu waliomleta wana mengi ya kusema, na mara nyingi humjibia. Muulize mzee kwanza, ndugu baadaye. Mambo ya mkojo na choo hatayataja mbele ya mkwe wake, kwa hiyo mtafutie mkwe shughuli ya kwenda dirisha la dawa. Mkalimani awe mtu mzima. Mjukuu wa darasa la nne hapaswi kutafsiri siri za bibi yake.

Lakini wakikwambia mzee ameanza kuongea ovyo tangu jana au juzi, usikubali kwamba ni uzee wala kwamba karogwa. Pima sukari, mkojo, malaria, sikiliza kifua. Nimonia ya mzee inaweza kuja bila homa. Mdomo kupinda au mkono kulegea ghafla ni rufaa saa hiyo hiyo.

Mwenye miaka 60 na zaidi asiye na uwezo anatibiwa bure. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 ilishalisema hilo. Kama hana kitambulisho cha matibabu hayo, muelekeze kwa mtendaji wa kijiji siku hiyo hiyo.

Kuhusu tarehe ya kurudi, wengi hawaishi kwa kalenda. Mwambie "mnada wa pili kutoka leo," kisha andika tarehe kwenye kadi kwa ajili ya mwenzako wa zamu.