Mama yuko kwako Uingereza: andika karatasi kabla hujapiga 999

Saa nane za usiku, mama anahema kwenye kochi, mimi nimepiga 999, namba ya dharura ya Uingereza. Polisi, zimamoto au ambulensi? Hilo nililijibu. Nilipoulizwa postikodi, zile herufi na namba za mwisho wa anwani, ikanipotea. Nyumba niliyokaa miaka mitatu! Nikakimbilia droo kutafuta bahasha ya bili ya umeme.

Wahudumu walipofika wakataka jina, tarehe ya kuzaliwa na dawa. Nikatoa majibu matatu, yote nusu nusu. Jina tunalomwitia nyumbani silo la pasipoti. Tarehe nayo pasipoti inasema Januari 1, kama wazee wetu wengi waliozaliwa bila cheti, na familia ina yake. Hospitali za NHS, yaani huduma ya afya ya umma ya Uingereza, humtafuta mgonjwa kwa jina na tarehe hiyo. Ukitaja ya familia, faili halionekani.

Basi andika karatasi leo, kwa Kiingereza, maana atakayeisoma si shangazi. Juu kabisa anwani na postikodi, halafu jina na tarehe kama zilivyo kwenye pasipoti. Dawa usiandike "kidonge cheupe cha presha"; andika amlodipine, miligramu 5, asubuhi. Pakiti iliyotoka Mombasa au Dar inaweza kuwa na jina la kampuni kwa herufi kubwa, lakini jina la dawa yenyewe liko chini kwa herufi ndogo. Nakili hilo. Mlonge, mwarobaini na habasoda pia viandikwe. Daktari hakuja kumsuta mtu, anataka kujua tu kilichomo mwilini. Kisha aleji, kisukari, selimundu, na simu za watu wawili.

Lions Club, chama cha watu wanaojitolea, hutoa bure kichupa cha plastiki cha kutilia karatasi hiyo. Kinakaa mlangoni mwa friji, na stika yenye msalaba wa kijani hubandikwa kwenye friji na upande wa ndani wa mlango wa mbele. Wahudumu wa ambulensi wanakifahamu.

Mama akibaki peke yake, mfundishe maneno mawili: "Ambulance. Swahili." Mkalimani huunganishwa kwenye simu. Na hospitalini omba mkalimani, usimpe kazi hiyo mtoto wa miaka kumi. Atamtafsiriaje bibi yake habari za uvimbe?

Uso ukipinda upande mmoja, mkono ukikataa kunyanyuka au maneno yakivurugika, hicho ni kiharusi mpaka daktari aseme sicho. Piga 999 hapo hapo, na utazame saa: dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa chache tu, kwa hiyo watauliza ilianza lini. Kwa homa au tumbo lisilotisha kuna 111, namba ya ushauri wa afya, bure, usiku na mchana.

Kama mama amekuja kutembea tu, matibabu ndani ya kitengo cha dharura hayalipiwi. Akilazwa, mgeni hutozwa asilimia 150 ya bei ya NHS. Bima ya safari ikatwe kabla ya tiketi, jamani.

Akirudi nyumbani huenda akaletewa muuguzi wa kufunga kidonda au mhudumu wa kumwogesha. Uliza mapema watakuja saa ngapi, na useme wazi kama mama anataka mwanamke. Mfungulie mwenye kitambulisho. Ukiwa kazini, kisanduku cha ufunguo chenye namba za siri kitasaidia, ila namba hizo wape wahudumu, si grupu la WhatsApp la ukoo mzima.

Kwetu kazi ngumu ilikuwa kumzuia mama asimkirimu muuguzi. Dakika ishirini za ziara ziliishia kwenye chai ya tangawizi, kidonda bado kimefungwa bandeji ya juzi. Tumekubaliana: bandeji kwanza, na maandazi anafungiwa aondoke nayo.