Kumtunza Percheron: Nafaka Ifuate Kazi

Ninatunza farasi wa kukokota huku Perche, magharibi ya Paris, nyumbani kwa aina ya farasi hao iitwayo Percheron. Nasaba ya Percheron wote wa leo inarudi kwa dume mmoja, Jean-le-Blanc, aliyezaliwa mwaka 1823. Kabla ya magari ya injini, farasi hawa ndio waliovuta mabasi ya abiria mitaani Paris. Kwa ukubwa wao, wageni hudhani wanahitaji nafaka nyingi. Hapo ndipo farasi wanapoumizwa.

Hatua ya 1: Mfahamu. Ni wa kijivu au mweusi. Mtoto wa kijivu huzaliwa na rangi nzito, kisha hupauka mwaka hadi mwaka, usishtuke. Miguu yake haina manyoya marefu, kwa hiyo tope hufutika upesi.

Hatua ya 2: Nyasi kavu kwanza. Farasi wa kilo 900 mpe kilo 14 hadi 18 kwa siku, ukizigawa mara kadhaa. Maji yasikauke kamwe. Lita 40 kwake ni kawaida, na siku ya kazi huzipita.

Hatua ya 3: Pima nafaka kwa kazi aliyofanya. Percheron wengi wana kasoro ya kurithi inayofanya misuli irundike sukari kupita kiasi. Wakulima wa zamani waliuita ugonjwa wa Jumatatu: farasi amepumzika Jumapili na chakula chake kamili, kesho yake akifungwa kazini anakakamaa.

Nimeuona kwa jike niliyekuwa nikimlea mwenyewe. Mvua ilituzuia siku tatu, nami sikupunguza chakula. Siku ya nne hakufika mbali: jasho lilimtiririka, mapaja yakawa magumu kama ubao, mkojo ukatoka rangi ya kahawa. Likikukuta hilo, msimamishe palepale. Usimtembeze. Mfunike, mpe maji, mwite daktari wa mifugo mara moja.

Tangu siku ile, asiyefanya kazi hapewi nafaka kwangu, na kila siku lazima atoke malishoni. Anayehitaji nguvu zaidi namwongezea mafuta ya mboga, kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Kasoro hii hupimwa maabara kwa mizizi ya nywele. Mpime kabla ya kumzalisha.

Hatua ya 4: Kwato. Fundi aje kila wiki 6 hadi 8. Wewe zisafishe kila siku.

Hatua ya 5: Kola ya kukokotea. Ikishakaa shingoni, kiganja kilicholala kipite chini, penye koo. Kisipopita, atabanwa pumzi mlimani; pakiwa wazi sana, kola itacheza na kumchubua mabega. Akinenepa au kukonda, pima upya.

Hatua ya 6: Mkague wa kijivu chini ya mkia. Wanapozeeka, wengi huota vinundu vyeusi hapo. Ukikuta kimoja, kipime kwa rula, andika tarehe, umwonyeshe daktari akija.