Perege akihema juu ya maji alfajiri, hana njaa

Simu za saa 12 asubuhi nazijua kabla sijapokea. Mtu hata salamu hatoi: "Bwana samaki, samaki wangu wana njaa kweli, wamejaa juu wananifungulia midomo. Nimewamwagia debe zima la pumba, lakini hawali!" Hapo najua tumeshachelewa.

Huku kwetu Kilimanjaro na Arusha, kuanzia Machi mawingu yanapoukalia mlima, mpaka baridi ya Julai, simu hizi hazikauki. Leo Machame, kesho Marangu, keshokutwa Tengeru. Mama mmoja wa Kibosho, mfugaji mwenye bidii kuliko wengi wetu, alishinda siku nzima akiopoa perege waliokufa kwa ndoo, wakubwa wa kuuza wakiwa ndio wa kwanza kuelea. Pumba aliyowatupia alfajiri ilikuwa bado juu ya maji, haijaguswa. Miezi sita ya kazi iliondoka asubuhi moja.

Kuchimba bwawa na kuchagua vifaranga siwafundishi, mnayajua. Leo nataka hili moja tu liingie: samaki anayehema juu ya maji alfajiri anakosa oksijeni, na ukimpa chakula unammalizia.

Perege ni samaki wa mifupa. Samaki wa namna hii huvuta maji kwa mdomo, akafumba, kisha akayasukuma yapite kwenye matamvua, viungo vyake vya kupumulia, na kutokea nyuma ya kile kifuniko kigumu cha shavu. Ndani ya matamvua damu inakwenda upande huu na maji upande ule, ndiyo maana anaikamua oksijeni vizuri kuliko mapafu yetu yanavyoweza. Lakini nguo kavu haikamuliwi. Lita moja ya hewa tunayovuta ina mililita kama 210 za oksijeni. Lita ya maji ya bwawani, hata yakiwa mazuri, haifiki 10.

Na sisi wa mlimani tunaanza na pungufu. Pwani, maji ya nyuzijoto 25 yanaweza kubeba oksijeni kama miligramu 8 kwa lita. Arusha mjini, karibu meta 1,400 juu ya usawa wa bahari, maji ya joto hilohilo yanabeba kama 7. Moshi, kwa kuwa iko chini zaidi, 7 na nusu hivi. Hicho ndicho kiwango cha juu, maji yakiwa yameshiba. Perege huanza kuteseka ikishuka chini ya 3, na bwawa lililoshindiliwa samadi linaweza kuamka likiwa na 1.

Kwa nini alfajiri? Ule ukijani wa maji ni mwani. Mchana, jua likiwaka, mwani unatengeneza oksijeni. Usiku hautengenezi, unavuta kama samaki wanavyovuta, na vijidudu vinavyoozesha samadi chini vinavuta pia. Akiba inapungua saa baada ya saa, na inafika chini kabisa kati ya saa 11 na saa 12 alfajiri. Jana yake kukiwa na mawingu, akiba yenyewe ilikuwa ndogo tangu jioni. Sasa wewe unafika na debe la pumba. Samaki wachache watakaojilazimisha kula watahitaji oksijeni zaidi ya kusaga chakula hicho, na kinachobaki kinazama, kinaoza, kinakula oksijeni ileile waliyokuwa wanagombania.

Kumtambua anayekosa oksijeni ni rahisi, ila mpaka uache kubahatisha. Simama ukingoni upige makofi mara moja. Perege mwenye njaa anakimbia chini, kisha anarudi akirukaruka na kufuata mkono wako. Anayekosa oksijeni hakimbii, au anazama kidogo na kurudi palepale, kichwa kikiwa juu, mdomo umegusa uso wa maji, vifuniko vya mashavu vimetanuka. Havuti hewa huyo. Anachota yale maji ya juu kabisa, unene wa milimita chache tu, yanayogusana na hewa.

Kambare ni habari nyingine. Yeye ana kiungo cha ziada nyuma ya matamvua, kimechanua kama kijiti chenye matawi, kinachomwezesha kuvuta hewa yenyewe. Akija juu, akagugumia na kuzama, muache na mambo yake. Kamongo wa Ziwa Victoria amekwenda mbali zaidi, ana mapafu kabisa. Wote hawa ni samaki wa mifupa, lakini kila mmoja na mwili wake. Kuna mzee aliniambia perege ni wagumu, mbona wapo mpaka Ziwa Natron kwenye magadi na maji ya moto? Ni kweli wapo, wadogo wadogo, jamii ya perege, na miili yao imezoea maji yale kwa vizazi na vizazi. Sato wako, perege wa bwawani uliyemnunua kifaranga mwaka huu, hana uzoefu huo. Mzee alicheka, lakini debe la pumba hakuliacha mpaka bwawa lilipomfundisha.

Ukikuta wanahema, rudisha chakula ghalani. Fungua maji mapya, na yasiingie kwa kuteleza ukingoni: yaangushe kutoka juu, nusu meta au zaidi, kupitia bomba au mgomba uliochongwa, chini yake uweke mawe au matawi yayapasue. Wakati huohuo toa maji ya chini, yale meusi yenye harufu, kwa bomba la kutolea. Ukifungua bomba la kutolea lililo juu tu, unatupa maji mazuri na kubakiza mabaya. Kama zamu yako ya mfongo, ule mfereji wa maji wa kijiji, haijafika, zungumza na jirani leo, wakati samaki wako ni wazima, akuazime saa moja siku ya dharura. Usingoje kumgongea mlango gizani. Maji yakikosekana kabisa, chota kwa ndoo na uyamwage kutoka juu, wewe na watoto, mpaka jua litoke vizuri. Siku hiyo wasile kitu. Kesho yake nenda saa 11 na tochi uangalie tena kabla hujaamua kuwalisha.

Sasa vipimo, na hapa naomba tusitaniane. Kulisha ni saa 4 asubuhi na saa 10 jioni. Si saa 12 kwa sababu ndiyo saa unayokamua ng'ombe! Bwawa la meta 10 kwa 15 lisilo na mashine ya hewa liwe na samaki 2 kwa kila meta ya mraba, yaani 300. Wakifikisha gramu 100 kila mmoja, jumla ni kilo 30. Chakula ni asilimia 3 yake, yaani gramu 900 kwa siku, gramu 450 asubuhi na 450 jioni. Pima kwa mizani. "Kopo" si kipimo, kila nyumba ina kopo lake. Kisichoisha kwa dakika 15 kilikuwa kingi, punguza. Siku ya mawingu mazito wape nusu, na ile ya jioni uiache.

Samadi, inayolisha ule mwani, ndiyo mnayoipenda kupita kiasi. Kinyesi kikavu cha kuku kisizidi kilo 5 kwa meta 100 za mraba kwa wiki, ndani ya gunia lililofungwa kamba kwenye kona, ili siku ya matatizo ulivute litoke. Toroli zima la mbichi si mbolea, ni sumu. Kabla ya kuongeza, chovya kisahani cheupe kilichofungwa kwenye fito yenye alama za sentimita, saa 6 mchana. Kikipotea machoni kwenye sentimita 30, ukijani unatosha, usiongeze. Kikipotea kabla ya 20, toa gunia, acha mbolea wiki mbili na ubadilishe robo ya maji.

Ukifika alfajiri, ukakuta uso wa maji umetulia na perege wanakimbia kivuli chako, bwawa liko sawa. Debe la pumba liache nyumbani mpaka saa 4.